Wito Nilioupeleka London

Watu wakisikia nilifika London huniuliza mambo mawili: kama nilimwona Mfalme, na kama ni kweli kuna treni zinazopita chini ya ardhi kama fuko. Mfalme nilimwona, kwa mbali, kofia tu. Treni nilipanda, nikafumba macho. Lakini mimi sikwenda London kutazama treni. Nilikuwa na wito wa kupeleka, nikapewa siku moja tu ya kuupeleka, na siku hiyohiyo wenyewe walikuwa wameshaipangia matembezi.

Nianze na huo wito, maana bila huo nitaonekana mwendawazimu, kama koplo alivyoniona.

Nilikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la huku Afrika, na tulipigana Burma. Luteni wetu alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kama ziote au zisiote. Mimi ndiye niliyemtunzia vitu vyake, nikimchemshia chai, nikimkaushia soksi. Siku moja asubuhi akapigwa tumboni. Mvua ilikuwa inanyesha, na matope yale machela haikuweza kuyapita, basi nikaambiwa nikae naye chini ya mti mpaka njia ipatikane. Nikakaa. Saa baada ya saa. Ndipo akaanza kuita, "Mami."

Kiingereza changu kilikuwa cha kushoto geuka na mbele tembea, lakini neno lile halihitaji shule. Aliita mara ya kwanza nikanyamaza. Kwetu huitiki wito usio wako. Hata mtoto mdogo wa kijijini kwetu Ikinga anajua: ukisikia sauti inaita jina usilolijua, funga mdomo. Akaita mara ya pili, nikatazama pembeni. Mara ya tatu akageuza kichwa, macho yakanitafuta mimi, na mimi nikashindwa. Nikamwitikia kwa Kindali, maana ndiyo lugha iliyokuja, "Naam, mwanangu, nipo hapa." Akatulia. Hakuita tena. Kabla jua halijageuka alikuwa amekufa, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Vita vilipokwisha, nilichaguliwa kwenda London pamoja na askari wengine kuandamana mbele ya Mfalme. Walitazama urefu na mwendo wa gwaride, na mimi vyote nilikuwa navyo. Nikapewa likizo ya siku kumi kwanza. Nikaenda nyumbani milimani, nikamsimulia mama habari ya luteni, yeye akiwa anapukuchua mahindi. Mikono yake ikasimama.

"Umeitika wito wa mama mwenzangu," akasema.

"Angefanyaje?" baba akadakia. Baba alikuwa mzee wa kanisa. "Hayo mambo ya kale, mama nanihii, yaache. Kijana alikwisha pokelewa na Mungu."

Mama hakubishana naye. Hakuwahi kubishana naye, ila alifanya alivyotaka. Siku ya kuondoka akaniletea fundo la chumvi ya Ivuna, ile ya kijivu inayoletwa na wachuuzi kutoka bondeni, ameifunga kwenye kitambaa. "Huendi msibani mikono mitupu," akasema. "Mtafute. Mwambie mtoto wake alimwita. Usipompelekea wito wake, baba, utakaa nao wewe. Kila ukiitwa hutajua kama ni wewe unayeitwa au ni yeye."

Mimi nilijidai kucheka. Lakini ukweli ni kwamba tangu Burma, mtu akiniita kwa nyuma nilikuwa nashtuka mpaka jasho linatoka. Basi nikaichukua ile chumvi.

Anwani nilikuwa nayo. Ilikuwa nyuma ya bahasha ya barua ambayo mama yake luteni alimwandikia. Bahasha ile nilibaki nayo nilipofungasha vitu vyake. Nikafikiri, mtu ana anwani, ana miguu, ana siku nzima. Kazi iko wapi?

Siku yetu ya mapumziko ilikuwa kesho yake baada ya gwaride. Saa mbili asubuhi lori likatutoa kwenye mahema, askari sita, na koplo wetu. Koplo alikuwa Mlambya wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasa, mtu wa shule ya misheni, Kiingereza kikimtoka kama maji. Kwa sababu sisi ni watani wa kuvuka mto tu, hakukuwa na siku tuliyokaa bila kutukanana. Tukakabidhiwa kwa memsahib mmoja wa kujitolea, mrefu, kofia ya kijani, na karatasi mkononi yenye orodha ya mahali pa kutupeleka. Saa kumi na mbili jioni lori litatungoja palepale, na atakayechelewa ataona cha moto.

Nikamwendea memsahib kabla hatujapiga hata hatua tatu. Nikampa bahasha. Nikamwambia koplo, ambaye habari ya luteni nilikuwa nimemsimulia melini, "Mwambie twende hapa kwanza."

Koplo akasema naye. Memsahib akaisoma, akatabasamu, akatia bahasha yangu ndani ya mkoba wake, akafunga mkoba ta!

"Anasema baadaye," koplo akaniambia. "Ni mbali, ng'ambo ya mto. Tukimaliza orodha."

Yaani nilisimama pale mdomo wazi. Baadaye? Mtu ana neno la msiba mfukoni, wewe unamwambia atembee kwanza? Kwetu mwenye habari ya kifo hapitii hata kwa shemeji yake kunywa togwa. Anakwenda moja kwa moja, mpaka kwa mwenye msiba. Nikamwambia koplo ayaseme hayo. Akakataa katakata. "Wewe Mndali usituaibishe," akasema. "Umeletwa kuona mji, ona mji."

Basi nikauona mji. Ila nasema kweli, niliona kama mtu anayetazama kupitia ukungu. Tulipelekwa kwenye nyumba ya Mfalme. Langoni kuna askari amevaa kofia ya manyoya, kubwa kuliko kichwa chake, kwenye joto la mwezi wa sita. Nikamsalimia, kwani unampitaje mtu mlangoni kwake bila salamu? Hakujibu. Nikarudia. Hata kope hakupepesa. Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini si yeye tu. Njia nzima nilikuwa nasalimia watu, mzee nikimwinamia, mwanamke nikimpisha, na wao wananipita kama mimi ni nguzo. Kufikia saa nne mdomo ulikuwa umenikauka, nikaacha. Nikajiuliza, mji ambao watu hawaitikii salamu, huyo mama ataitikia wito?

Tukaona mnara wenye saa kubwa. Tukaona mto wao, maji ya rangi ya chai, hauna mamba wala kiboko, na daraja juu yake lililobeba watu wengi kuliko mnada. Tukashushwa na ngazi zinazotembea zenyewe. Askari mmoja wa kwetu, aliyevuka mito ya Burma huku risasi zikipita, alikataa kukanyaga pale mpaka akashikwa mkono na mtoto wa kike mwenye umri kama wa miaka minane. Huko chini ndiko nilikofumba macho.

Tulipotoka juu tena, nikaona kitu kilichonitia baridi. Majumba marefu yaliyokatwa katikati. Ukuta wa ndani uko nje, karatasi zake za maua zinaonekana, beseni la kunawia linaning'inia ghorofa ya tatu, na chini ni shimo lililoota magugu. Nikamwuliza koplo, "Haya ni mabomu?"

"Mabomu. Wewe ulidhani vita vilikuwa vyetu peke yetu?"

Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Nikaanza kuhesabu mapengo. Kila pengo nikasema, na kama ni hapa? Watu wenyewe walikuwa wamepanga foleni ndefu, wamekonda, vikapu mikononi, wakingoja samaki. Wameshinda vita, wanangoja samaki. Mimi sikuelewa kitu.

Kisha tukapelekwa kwenye kanisa lenye kuba kubwa kama kilima. Tukapanda ngazi mpaka miguu ikatetemeka, tukatokea kwenye ushoroba unaozunguka kuba kwa ndani. Memsahib akaeleza kwamba ukinong'ona ukutani upande huu, mwenzako upande wa pili anasikia kama uko sikioni mwake. Koplo akazunguka ng'ambo, mbali, hata uso wake sikuuona vizuri. Mara ukuta ukaniita jina langu. Jina langu la nyumbani, ambalo mama tu huliita, na koplo alilijua kwa sababu ndiye aliyenisomea barua za nyumbani.

Sikuitika. Ukuta ukaniita tena. Nikabandua sikio, nikarudi nyuma, nikasimama katikati ya ushoroba nikitetemeka kama mbwa aliyenyeshewa. Koplo akarudi amekasirika. "Nakuita, hujibu! Kiburi cha nini?"

"Siitiki tena ovyo," nikamwambia. "Mpaka nipeleke wito wa mwenyewe."

Akanitazama. Ndipo, nadhani, alipoacha kunidhihaki. Lakini kumwambia memsahib alikuwa bado anaogopa.

Saa tisa tulipewa chai na mkate mwembamba hata ungeweza kuona jua kupitia kwake. Memsahib akatazama karatasi yake, akatangaza jambo kwa furaha, akapiga makofi kidogo. Koplo akatafsiri, "Sasa anatupeleka kuona simba."

"Simba wepi?"

"Wa kwenye vizimba."

Jamani! Mimi nimetoka Ileje, nimeacha chui anakula mbuzi wa baba, nipandishwe meli wiki nne nije London kuona simba! Na bahasha yangu iko kwenye mkoba wa mtu, na jua linashuka. Hasira ikanipanda mpaka kooni. Nikakaa chini. Palepale kwenye njia ya watembea kwa miguu, nikakunja miguu, nikaweka fundo la chumvi mbele yangu, nikainamisha kichwa. Hivyo ndivyo akaavyo mleta msiba nje ya uwanja wa watu: habishi hodi, haamkii, anakaa chini mpaka wenyewe waone na waulize. Nikasema moyoni, haya, na waulize.

Watu wakaanza kutuzunguka. Bibi mmoja akaniwekea senti mbele ya chumvi yangu. Polisi akaja, kofia kama chungu kilichopinduliwa. Memsahib akawa mwekundu, anamwuliza koplo: mgonjwa? amelewa? Koplo akanibembeleza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya kwetu, "Simama, ndugu yangu, nakuomba, watatufunga." Nikazidi kuinamisha kichwa. Mwisho akashusha pumzi, akamgeukia memsahib, akasema kwa muda mrefu. Nilisikia neno "mami" limo ndani.

Memsahib akafungua mkoba. Akaisoma bahasha tena, polepole, kama ndiyo kwanza aione. Akasema na yule polisi, naye akawachukua wenzetu kwenda kuwaonyesha simba, sijui kama ni kazi ya polisi hiyo. Sisi watatu tukapanda basi jekundu kuvuka mto.

Mtaa ulikuwa wa nyumba ndogondogo zilizoshikana, zote sura moja, na mwishoni mapengo mawili. Koplo akahesabu namba za milango kwa sauti. Nyumba ilikuwepo. Ilikuwa ya mwisho kabla ya mapengo, dirisha moja limezibwa kwa ubao.

Akafungua mwanamke mfupi, aproni kiunoni, unga kwenye vidole. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowapigia wakubwa zetu, macho chini. Memsahib akamweleza mambo. Akatuingiza ndani haraka, akanipa kiti, nikakaa sakafuni. Akahangaika, akavuta kiti karibu, akakipigapiga kwa mkono. Nikabaki sakafuni. Akaleta chai, sikuigusa, kwa sababu hunywi kabla hujasema. Akamtazama koplo, machozi yanamlengalenga, na nikajua anadhani ninamdharau. Koplo akaninyonga kwa macho. Ukutani kulikuwa na picha ya luteni akiwa mtoto, kaptula, magoti yana vidonda.

Kisha yule mama akaleta kopo la biskuti, akatoa barua ya jeshi, akampa koplo. Koplo akaisoma, akaniambia kwa Kiswahili bila kuinua macho, "Wamemwandikia kwamba alikufa papo hapo. Hakuumia. Hakusema neno."

"Si kweli."

"Najua si kweli. Lakini ukisema aliita, maana yake alikaa muda. Unataka kumwua mama wa watu?"

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kuliko kwenye treni, kuliko kwenye kuba. Mama yangu hakuniambia habari ya barua. Kwetu mama aliyefiwa huambiwa kila kitu, mpaka maji aliyoomba, mpaka upande aliolalia. Hawa wanamficha kwa upendo. Sasa nifuate upendo wa nani? Nikamtazama yule mama, vidole vyake vina unga kama vya mama yangu, nikasema, "Mwambie." Nikaeleza yote, mvua, mti, mara tatu, mkono wangu.

Koplo akatafsiri. Mimi nilitoa debe zima, yeye akatoa kijiko. Yule mama akatabasamu, akamshika koplo mkono, akaniinamishia kichwa mimi.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba alikuwa afande mzuri, tulimpenda sote."

"Na wito?"

"Wito upi, bwana we? Barua imesema hakuita." Na akasimama, kwa sababu memsahib alikuwa anatazama saa.

Tukatoka. Fundo la chumvi bado liko mkononi mwangu. Nikafika kwenye kijigeti, memsahib na koplo wako mbele. Mlango nyuma yetu ulikuwa haujafungwa. Nilivisikia vikombe, yule mama anaviondoa. Sikupanga. Naapa sikupanga. Niligeuka tu, nikaita.

"Mami."

Niliita kwa sauti yake luteni, jinsi alivyoivuta mwanzo na kuilegeza mwisho, kama mtoto aliyeamka akakuta nyumba kimya. Nilikuwa nimeibeba sauti ile mwaka mzima na zaidi, haikupungua hata kidogo.

Akaitika. Hapohapo, bila kufikiri, sauti ya mama yeyote mwenye shughuli jikoni: nakuja, mpenzi. Hata mimi nililielewa hilo. Kisha kikombe kikaanguka.

Akatokea mlangoni. Koplo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Yule mama hakumtazama koplo wala memsahib, alinitazama mimi, muda mrefu, akauliza kitu.

Safari hii koplo alitafsiri vizuri. "Anauliza, aliita mara ngapi?"

"Tatu."

"Anauliza kulikuwa na nani."

"Mwambie nilikuwepo. Mwambie niliitika mimi, kwa kuwa yeye alikuwa mbali. Nimekuja kumrudishia."

Koplo akalisema lote, halikubaki neno, na kufika mwisho sauti yake ilikuwa imepasuka. Yule mama akakaa chini kwenye kizingiti. Nikarudi, nikakaa naye, nikafungua kitambaa, nikampa chumvi. Akachovya kidole chenye unga, akaonja, ndipo akalia. Alilia kwa nguvu, kama wanavyolia kwetu, majirani wakafungua madirisha. Memsahib akavua kofia yake ya kijani, akasimama tu pale getini.

Barua yake niliivunja, najua. Ilikuwa imemlaza usingizi muda wote ule, nami nikaja kumwamsha. Mpaka leo sijui kama nilimpa kitu au nilimnyang'anya. Ninachojua ni kwamba tulipoondoka alinishika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja, akaubusu. Mkono uleule.

Lori tulilikosa. Nikamenya viazi vya jeshi siku saba, na koplo pembeni yangu akinilaani kwa lugha mbili. Siku ya tatu akaniita jina langu kwa nyuma, ghafla, kunijaribu. Nikageuka nikasema naam. Akanitupia kiazi.

Nilipofika nyumbani watu walijaa uani wanataka habari za Mfalme na treni. Mama alingoja mpaka wameondoka wote, hata baba. Akaja na kibuyu cha maji, kama anavyonawishwa mtu aliyetoka kuzika, akaniambia ninyooshe mikono.

"Aliitika?"

"Aliitika, mama."

Akanimiminia maji mpaka yakaisha.